Jina la Anayepiga Msasa

Ukiniuliza ni watu wangapi wanatengeneza twiga mmoja wa mbao, nitakujibu bila kufikiria. Ni watatu, na wakati mwingine wanne. Nimezaliwa upande wa Wamunyu, kwa wachongaji, na hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu. Wa kwanza anapasua gogo na kutoa umbo kwa tezo. Wa pili anaingia na kisu na patasi, anatoa masikio, macho na magoti. Halafu twiga anapelekwa kwa wamama, na hapo ndipo anakaa sana, kwa sababu anapigwa msasa mara tatu: ule mkali, ule wa katikati na ule laini, kisha anapakwa polishi ya viatu mpaka ang'ae.

Mama yangu amefanya hiyo kazi tangu nikiwa mgongoni mwake. Tukitoka shule alitupatia kila mtu kipande chake. Ukimrudishia ukisema umemaliza, alikuwa anafunga macho na kukipapasa polepole, kutoka shingoni hadi kwato. "Mbao haijaisha mpaka mkono uteleze," alikuwa anasema, kisha anakurudishia.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo ndiye mimi. Na siku nilipopewa kazi ya kuchora fomu ya wachongaji, niliweka nafasi ya jina moja tu.

Sikufika kwa kazi ya dizaini kwa njia iliyonyooka. Niliacha shule kidato cha pili, nikaolewa, nikazaa, nikaandikwa kwa duka la fotokopi hapa Machakos mjini. Nilikuwa nimepita umri wa miaka thelathini ndipo nikarudi darasani. Yalikuwa masomo ya jioni, nikitoka kazini na viatu vimejaa vumbi, naketi karibu na watu wa rika la watoto wa dada yangu. Nikamaliza kidato cha nne. Nikaendelea hapo hapo, jioni kwa jioni, mpaka nikapata cheti cha dizaini ya kompyuta. Nilikipeleka kanisani siku ya matoleo nikakiweka mbele ya altare, nikakichukua tena baada ya misa. Padri alicheka, lakini alikibariki.

Siku hizi nachora kadi za harusi, vitabu vya mazishi, mabango, lebo za asali. Kabla sijashika mausi napiga ishara ya msalaba, hata kama kazi yenyewe ni bango la nyama choma.

Hii mambo ya programu ilinipata hapo dukani. Mwenye duka alinunua programu ya biashara, ile ya kuandika oda, vitu vilivyo stoo na risiti. Ilifanya kazi vizuri lakini ilikuwa mbaya kwa macho. Risiti ilitoka na herufi ndogo kama sisimizi, wazee wakawa wanatuuliza imeandikwa nini. Nikaingia kwa ile sehemu ya kupanga karatasi, nikaipanga upya. Jirani yetu wa chemisti akaiona, akaitaka. Nilipomfanyia yake akaniambia, "Mama, wewe unapotea hapa. Njoo kwa kikundi."

Kikundi ni sisi watu wa Machakos na vijiji vya karibu tunaotumia hiyo programu, kama ishirini hivi. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa chumba kilicho juu ya chemisti. Fundi wa kampuni yuko Nairobi na kumpata kwa simu ni bahati, kwa hivyo tunafundishana wenyewe. Mwenyekiti ni mama wa Mitaboni anayeuza mbegu na dawa za mifugo, na kila mkutano anakuja na nduma iliyochemshwa kwa ndoo. Mtu wa chemisti kazi yake ni kulalamika. Halafu kuna Haji, mfanyabiashara wa mifugo. Babu zake walikuja kutoka upande wa Usomali, lakini yeye amezaliwa hapa mjini na Kikamba chake kinanishinda.

Sheria yetu ni moja: shida kabla ya sifa. Mwenyekiti anauliza kwanza nani amekwama, na mtu akishasaidiwa ndiyo wengine wanaonyesha maajabu yao. Hapo ndipo nilijifunza kwamba kuchora kwa ajili ya watu si kupamba. Mtu anakuja na karatasi yake imekunjwa, anakuonyesha mahali anapochanganyikiwa, na wewe unanyamaza unaangalia kidole chake kinasimama wapi. Hakuna darasa lililowahi kunipa hiyo. Kwa miaka kadhaa fomu karibu zote za kikundi zimepita mikononi mwangu, na ninamshukuru Mungu kwa kila moja, hata hii ninayoeleza.

Basi, kuna kikundi cha wachongaji upande wa kwetu. Si wale wakubwa ambao wageni wanawajua, ni kikundi kidogo cha kijiji. Wao pia wakanunua hiyo programu, na katibu wao akaja kwetu kutafuta fomu ya kuandika kazi zinazoingia stoo. Mwenyekiti akanigeukia mara moja. "Huyu ni mtoto wa huko. Atakufanyia kama anajifanyia."

Nilimuuliza katibu anataka kujua nini. Akasema: ni mnyama gani, saizi gani, mbao gani, mchongaji ni nani. Nikaandika hivyo hivyo. Nikachora kipicha kidogo cha kila mnyama ili asiyesoma sana asipotee. Nikaweka rangi ya mbao ya jakaranda pale juu. Chini, nafasi ndefu nzuri: Mchongaji. Siku ya kuionyesha watu walipiga makofi. Haji alisema mpaka yeye, mtu wa mbuzi, anaweza kuitumia. Nilienda nyumbani nikijisikia kama nimeimba peke yangu kanisani na sauti haikukwaruza.

Ilipita kama miezi sita. Jumanne moja asubuhi nikiwa nakata kadi za harusi, mama akapiga simu. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Huwa anaweka simu ndani ya kitambaa cha kichwa, karibu na sikio, ili mikono iendelee na kazi. Kwa hivyo kila nikiongea na yeye nasikia msasa: shaa, shaa, shaa.

"Mwaitu, habari ya huko?"

"Huku ni jua. Wewe si uko na hao watu wa kompyuta?"

"Ndio, niko nao."

"Waulize kwa nini kompyuta inasema mimi siko."

Nikaweka makasi chini. Akanieleza. Kikundi cha wachongaji kilikuwa kimejenga banda mpya la mabati, na lile la zamani litabomolewa kwa sababu mchwa wamemaliza nguzo. Nafasi za kukaa kwa banda mpya zitagawanywa kwa mkutano, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa kufuata majina yaliyo kwa mashine.

"Katibu ametusomea. Wachongaji wako wote, hata yule kijana alikuja juzi, hajui tezo inashikwa wapi. Sisi wapiga msasa hakuna hata mmoja. Ati tutafute kivuli yetu."

"Amesema hivyo?"

"Amesema si yeye, ni kompyuta. Mimi nikamuuliza, hiyo fomu ilitengenezwa na nani? Huyo mtu hakuwa na mama?"

Shaa, shaa, shaa. Ningeweza kusema nitauliza. Ningeweza kusema mtandao unasumbua. Nilishika rozari iliyokuwa mfukoni mwa dera, nikasema, "Mwaitu, ni mimi."

Msasa ukasimama.

"Wewe?"

"Ni mimi nilichora."

Alinyamaza nikasikia kuku wa jirani yake. Kisha akasema, "Haya. Basi irekebishe. Mimi niko na ndovu hapa wa kumaliza." Na msasa ukaanza tena.

Watu wakiniuliza toba ni nini, nakumbuka hicho kimya.

Nilimpigia katibu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Dada, nikianza kuongeza majina kwa kalamu, kila mtu ataleta shemeji yake. Mimi nasoma kile mashine inatoa. Ukiniletea orodha ya mashine iliyo na wamama, nitaisoma hivyo hivyo, na hakuna atakayenibishia."

Ilikuwa haki. Lakini fomu ilikuwa na nafasi moja. Nilijaribu kusongeza majina matatu ndani ya ile nafasi, na mashine ikaniletea mtu mmoja mwenye majina ya watu watatu, la mwisho limekatwa shingo. Nilijaribu siku tatu. Ijumaa jioni, kwa jumuiya yetu ya kanisa, niliomba wamama waniombee bila kusema ni nini. Mmoja akaniuliza kama ni ugonjwa. Nikasema ni ujinga. Akasema huo pia unaombewa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kwanza. Mwenyekiti akauliza kama kawaida, "Shida kabla ya sifa. Nani amekwama?"

Nikasimama. Katika miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kusimama upande wa shida. Nikawaambia fomu mliyoipigia makofi imewatoa wapiga msasa wote, na mmoja wao ni mama yangu, na banda linagawanywa mwisho wa mwezi.

Mtu wa chemisti akatoa macho. "Kumbe! Wewe uliyenirudisha mara tano kwa sababu herufi za dawa ya kikohozi zimelala upande!"

"Ni mimi."

"Mara tano, Mama!"

"Wacha," mwenyekiti akasema. "Kula nduma unyamaze."

Lakini Haji alikuwa hacheki. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri zamu yake. "Mama," akasema, "kwani ninyi mnaandika kitu mahali kinapofikia tu? Mbuzi wangu haanzi kwangu. Kuna aliyemnunua sokoni, kuna aliyemtembeza, kuna aliyemlisha wiki mbili, kuna daktari alimdunga sindano. Anafika hapa mjini akiwa na watu wanne nyuma yake. Akikohoa, nataka kujua alikohoa kwa nani. Wote wako kwa mashine."

"Wako wapi? Kwa nafasi gani?"

"Si ile sehemu ya hatua."

Hakuna aliyekuwa anaijua. Akafungua kompyuta yake akatuonyesha. Ndani kabisa ya programu kulikuwa na mahali palipotengenezewa viwanda, pa kuandika kitu kimepita hatua gani na kila hatua imefanywa na nani. Sisi wote tulikuwa tumeiruka kwa sababu juu imeandikwa Kiwanda, na nani kati yetu ana kiwanda? Haji hakuwa na aibu ya neno. Alikuwa na mbuzi, akaingia.

Nilichora fomu mpya pale pale, nyuma ya kitabu cha mazishi kilichoharibiwa na printa. Kupasua. Kuchonga. Msasa. Polishi. Nafasi ya jina kwa kila hatua. Saa saba Haji akatoka kwenda kuswali, na mimi nikasali zangu pale kwa ngazi. Tuliporudi mwenyekiti alikuwa ameshaiingiza nusu. Kufikia saa kumi ilikuwa inakubali.

Ndipo mtu wa chemisti, ambaye kulalamika ni kipaji, akauliza swali lingine. "Sawa. Na kazi za miezi sita zilizopita? Utajuaje ni mama gani alipiga msasa kiboko gani?"

Nikafikiri. Halafu nikaanza kucheka, wakadhani nimeshikwa na kichaa.

Kwa sababu nilijua. Kila mpiga msasa wa kwetu anaacha alama yake mahali pasipoonekana. Ni desturi ya zamani: yule mama mkubwa anayekagua akikuta mkwaruzo, anageuza mnyama anajua amrudishie nani. Mmoja anaacha duara dogo tumboni bila kulainisha. Mwingine anaweka nukta ya polishi katikati ya miguu. Ya mama yangu ni mistari miwili ya ukucha chini ya mguu wa nyuma wa kushoto. Nimeiona maisha yangu yote. Haikuhitaji fomu, na pengine ndiyo maana niliisahau nilipopewa fomu.

Jumamosi iliyofuata tulienda wanne: mwenyekiti na nduma yake, Haji, mtu wa chemisti, na mimi. Katibu akatufungulia stoo. Wamama tisa wakaja na stuli zao wakaketi mlangoni. Tukaanza kugeuza wanyama. Twiga, ndovu, viboko, vifaru, bakuli. Mtu anageuza, mama anatambua alama yake, katibu anataja aliyepasua na aliyechonga, mwenyekiti anaingiza kwa kompyuta.

Mama yangu alimtazama mtu wa chemisti akiwa amechuchumaa na suruali yake nyeupe. "Huyu ni daktari?"

"Ni wa kuuza dawa, Mwaitu."

"Mwambie asimshike kifaru kwa pembe kama mwizi. Ashike tumbo."

"Nimesikia, mama," akasema yeye, akashika tumbo. Hakulalamika siku nzima. Haji naye alikuwa anabishana na wamama kwa Kikamba juu ya kama yule mnyama ni mbuzi au ni swala, na wakamshinda.

Tulipata alama za wamama wanane. Wa tisa hakuwa na hata moja. Huyo mama anapiga msasa viboko tu, na viboko ndivyo vinavyotoka haraka. Vyake vyote vilikuwa vimeshauzwa. Tuligeuza kila kitu mara ya pili. Aliketi pale kwa stuli yake na mikono juu ya magoti, akasema, "Si kitu. Mimi nimezoea jua." Mama yangu akamwambia anyamaze, lakini alisema kwa upole, na upole wa mama yangu ulinitisha kuliko makali yake.

Mkutano ulifanyika chini ya lile banda mpya, mabati bado yana harufu ya dukani. Nilikuja na orodha imepigwa chapa. Katibu akaisoma jinsi alivyoahidi, bila kuongeza wala kupunguza, kila kazi na watu wake. "Ndovu, jakaranda, saizi ya pili. Amepasua fulani. Amechonga fulani. Msasa, fulani." Wanaume walikuwa wananong'ona mwanzoni. Kisha wakanyamaza, kwa sababu kila mtu alikuwa anasikia kazi yake mwenyewe ikisimuliwa yote, na hakuna aliyeweza kusema ni uongo.

Alipomaliza, mama wa viboko hakuwa ametajwa. Nilitaka kusimama, lakini mimi si mwanachama, na fomu ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Mchongaji mmoja wa nyuma, mzee asiyependa maneno, ndiye aliyesimama. Alikuwa na kiboko mkononi, hajakamilika, meno ya patasi yote yanaonekana. "Hii ndiyo ninayoweza peke yangu," akasema. "Nani ataiweka kwa meza yake?" Akaiinua juu wote waione. "Viboko vyangu vyote vimepita kwa yule mama. Katibu, andika. Na kama nafasi zimeisha, andika kwa yangu, tutakaa wawili."

"Nafasi hazijaisha," katibu akasema, na akaandika hapo hapo kwa mashine, kwa ile hatua ya tatu.

Wamama walipewa upande wa mashariki, wote tisa, kwa sababu jua la mchana halifiki huko na vumbi la tezo linapeperushwa kwingine.

Tangu siku hiyo, mtu yeyote akiniletea kazi ya fomu, kabla sijachora mstari namuuliza: na nani mwingine amegusa hii kitu? Wengine wanachoka na mimi. Kwa kikundi wameifanya kuwa mzaha, nikiingia tu mtu wa chemisti anaita, "Na nani mwingine?" Ninawashukuru hata kwa huo mzaha. Wangeweza kuniacha na aibu yangu. Walipoteza Jumamosi ya biashara kwenda kuchuchumaa kwenye stoo ya watu wasiowajua, na hakuna aliyewahi kunikumbusha kwa ubaya.

Kila mnyama sasa anatoka na lebo ndogo inayoning'inia shingoni, yenye majina ya hatua zote. Ya kwanza kabisa nilimpelekea mama mwenyewe, imefungwa kwa ndovu wake. Alikuwa ameketi mahali pake pa mashariki, mgongo kwa nguzo. Hasomi vizuri, kwa hivyo akaniuliza, "Mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha mstari wa tatu.

Akafunga macho. Akapitisha kidole gumba juu ya jina lake, polepole, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, nikasimama pale kama nimetoka shule.

"Karatasi yako inakwaruza," akasema. Lakini hakunirudishia.